Amepotelea wapi? Namna ya kupima menyu na utafutaji wa programu ya wavuti

Mfanyakazi anataka siku tatu za likizo. Amefungua mfumo wa ofisi kwenye kivinjari, na juu ya ukurasa anaona maneno matano: Wasifu, Rasilimali, Mahudhurio, Michakato, Ripoti. Anabofya Rasilimali, anakuta orodha ya kompyuta na magari. Anarudi. Anabofya Michakato, anakuta michoro ya idara. Anarudi tena. Sasa anakiendea kisanduku cha kutafutia, anaandika "likizo", na mfumo unamjibu kwamba hakuna matokeo. Fomu anayoitaka ipo, na inafanya kazi vizuri kabisa. Imewekwa chini ya Mahudhurio, na jina lake ni "Ruhusa ya kutokuwepo kazini".

Mtu aliyeujenga mfumo huo akiulizwa, atasema hakuna kilichoharibika. Viungo vyote vinafunguka, utafutaji unajibu haraka, hakuna ujumbe wa hitilafu. Ndiyo maana kupima urahisi wa matumizi ni kazi tofauti na kukagua kama programu inafanya kazi. Hapa tunauliza kama mtu anafika anakokwenda, kwa gharama gani, na akiwa na hali gani.

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaitazama hali hiyo kwa pande tatu: kufanikisha lengo, juhudi na muda uliotumika kulifanikisha, na kuridhika kwa mtumiaji. Sehemu ya kiwango hicho ninayoipenda zaidi ni ile ambayo wengi huiruka: vipimo hivyo vitatu vina maana tu ukishataja ni watumiaji gani, wana lengo gani, na wako katika mazingira gani. Kwa hiyo anayesema "mfumo wetu ni rahisi kutumia" bila kutaja nani anautumia kufanya nini, bado hajasema kitu kinachoweza kupimwa.

Chanzo cha kupotea ni maneno

Katika timu nyingi, menyu huwa ni kazi ya msanifu wa kurasa na utafutaji huwa ni kazi ya mhandisi. Kila mmoja hupima chake peke yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu vitu hivi viwili huvunjika kwa sababu moja: neno alilonalo mtumiaji kichwani silo neno lililowekwa na aliyejenga.

Mwaka 1987 George Furnas na wenzake Thomas Landauer, Louis Gomez na Susan Dumais walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwauliza watu wataje jina la kitu au tendo fulani, kisha wakaangalia ni mara ngapi watu wawili huchagua neno lilelile. Katika kila aina ya vitu waliyoipima, uwezekano wa wawili kukubaliana ulikuwa chini ya asilimia 20. Yaani msanifu akichagua neno linalomjia yeye kwanza, na mtumiaji akaja na neno linalomjia yeye kwanza, mara nyingi hawatakutana.

Tofauti ya menyu na utafutaji ni namna msanifu na mtumiaji wanavyokosana. Menyu humwekea mtu maneno mbele ya macho, naye huyatambua au huyakataa. Kisanduku cha kutafutia kiko kitupu: humtaka azae neno mwenyewe. Kutambua ni kwepesi kuliko kukumbuka, kwa hiyo menyu mbovu bado inaweza kumfikisha mtu kwa kubahatisha, ila utafutaji usiojua visawe humfungia mlango papo hapo.

Peter Pirolli na Stuart Card, waliokuwa watafiti wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, walilieleza suala la menyu kwa mfano wa mnyama anayefuata harufu ya windo. Mtu anayepita kurasani hunusa maneno ya viungo na kukadiria: nikienda huku, nitapata? Harufu ikizidi kukolea anaendelea, ikififia anageuka. Mfano huu unaifuta kanuni inayorudiwa sana kwamba kila kitu lazima kipatikane kwa mibofyo mitatu. Mibofyo mitano ambayo kila mmoja unamhakikishia mtu kuwa yuko njiani haimchoshi kama mibofyo miwili ya kubahatisha. Kanuni nyingine ya namna hiyo ni ile ya kuweka vipengele saba tu kwenye menyu, ambayo watu huitoa kwenye makala ya George Miller ya mwaka 1956. Miller alizungumzia vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika katika kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu haihitaji kushikwa kichwani, kwa kuwa ipo pale pale kwenye skrini.

Kupima menyu kabla haijavaa rangi

Njia ninayoipendekeza kwanza ni jaribio la mti. Unachukua menyu yako yote, ngazi baada ya ngazi, unaivua picha, rangi na mpangilio, unabaki na maneno matupu yanayofunguka kama matawi. Kisha unawapa watu kazi na kuwauliza wangeipata wapi. Kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kuwasaidia, unachokipima ni maneno na mpangilio wake tu.

Andika mambo matatu kwa kila kazi: kama mtu alifika mahali sahihi, kama alifika moja kwa moja bila kurudi nyuma, na tawi gani alilifungua kwanza. La tatu ndilo lenye faida kubwa. Watu kumi wakifeli kazi moja, kujua kwamba saba kati yao walianza na Rasilimali kunakuonyesha neno linalowadanganya.

Jaribio hili lina ndugu yake, kupanga kadi, ambamo unawapa watu majina ya vitu kwenye kadi nao wanayaweka katika mafungu yanayowaingia akilini. Kupanga kadi kunasaidia kuunda menyu. Hakuthibitishi kwamba menyu iliyozaliwa inapitika, na nimeona watu wakiishia hapo wakidhani wameshapima.

Mtego mkubwa uko katika namna ya kuandika kazi. Ukimwambia mtu "Omba ruhusa ya kutokuwepo kazini", umempa mtihani huku jibu limeandikwa ubaoni. Atatafuta maneno hayohayo kwa macho, atayapata, nawe utaandika kwamba amefaulu. Mwambie hivi: "Unahama nyumba wiki ijayo na hutakuwa ofisini kuanzia Jumatano hadi Ijumaa. Lishughulikie hilo katika mfumo." Sasa itambidi alete neno lake mwenyewe. Mimi huzisoma kazi zote nikiwa nimeifungua menyu pembeni, na kila neno la maana linalotokea kote kuwili nalifuta kwenye kazi. Huchukua dakika chache tu, na bila hatua hiyo matokeo yote yanayofuata hayana thamani.

Kukaa kando na kutazama

Jaribio la mti haliwezi kukuonyesha mtu anavyohangaika kwenye programu yenyewe, ambako kuna vitufe, matangazo, na menyu iliyofichwa nyuma ya vistari vitatu. (Alama hiyo ina umri mkubwa kuliko wavuti. Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981.) Hapo inabidi ukae karibu na mtu, umpe kazi, na umwombe aseme kwa sauti anachowaza anapofanya.

Kazi ngumu zaidi ni yako wewe unayetazama: kunyamaza. Mtu anasita, kishale kinazunguka, anakuuliza "Nibofye hapa?" na kila kiungo cha mwili wako kinataka kumwambia ndiyo. Mrudishie swali: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Sekunde zile ishirini za ukimya ndizo ulizozifuata. Nimewahi kukaa kando ya mama mmoja aliyefungua ukurasa sahihi mara tatu na kuuacha mara tatu, kwa sababu kichwa cha ukurasa kilikuwa na neno tofauti na lile la kiungo alichobofya. Kila mara alidhani ameingia pasipo pake. Hakuna takwimu ya mibofyo ambayo ingenieleza hilo.

Hata hivyo kupotea kunaweza kuwekwa katika namba. Mtafiti aitwaye Smith alitoa kipimo chake mwaka 1996, nacho kinahitaji hesabu tatu tu: idadi ndogo kabisa ya kurasa zinazohitajika kukamilisha kazi, idadi ya kurasa tofauti alizofungua mtu, na jumla ya kurasa alizofungua ukihesabu na alizorudia. Tuseme kazi ya likizo inahitaji kurasa 3. Mtu wetu alifungua kurasa 6 tofauti, na kwa kurudirudi jumla yake ikawa 9. Gawanya 6 kwa 9, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 0.11. Gawanya 3 kwa 6, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe: 0.25. Jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.6. Aliyekwenda moja kwa moja hupata 0. Kwa mujibu wa Smith, walio chini ya 0.4 hawakuonyesha dalili za kupotea, na waliozidi 0.5 walikuwa wamepotea waziwazi. Kitumie kipimo hiki kwa kazi yenye mwisho unaojulikana tu. Mtu anayeperuzi ili kuona kilichopo atapata namba kubwa hali hajapotea hata kidogo.

Watu wangapi wanatosha? Jibu lililozoeleka ni watano, nalo linatokana na hesabu ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993. Walikadiria kwamba kwa wastani mtumiaji mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo, kwa hiyo watano hufichua kama asilimia 85. Namba hiyo ni wastani, na wastani huficha mengi. Mwaka 2003 Laura Faulkner alipima watu 60, kisha akachota makundi ya watu watano watano kutoka miongoni mwao. Yapo makundi yaliyopata karibu matatizo yote, na yapo yaliyoambulia asilimia 55 tu. Msimamo wangu ni kwamba watano wanatosha kwa duru moja, mradi utarekebisha na kurudia, na mradi watano hao ni wa aina moja ya mtumiaji. Mhasibu na mlinzi wanaotumia mfumo mmoja ni makundi mawili.

Lakini usije ukageuza watano hao kuwa takwimu. Wanne kati ya watano wakifaulu, huwezi kutangaza kwamba mfumo unafaulisha asilimia 80 ya watu. Kwa idadi ndogo hivyo, ukikokotoa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 36 na 98.

Wataalamu wanaweza kukagua pia, wakipitia programu kwa kufuata kanuni kama zile 10 alizoziweka Nielsen mwaka 1994, zenye mizizi katika kazi aliyoifanya na Rolf Molich miaka minne kabla. Ukaguzi huo ni wa haraka na unafaa kuondoa makosa ya wazi kabla hujapoteza muda wa watumiaji halisi. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mtaalamu hajawahi kuomba likizo katika mfumo huo.

Utafutaji: nani analeta nini, na katika nafasi ya ngapi

Vipimo vya utafutaji vina historia ndefu. Katika miaka ya 1960, kule Cranfield nchini Uingereza, Cyril Cleverdon alifanya majaribio yaliyoweka msingi wa vipimo viwili vinavyotumika hadi leo. Cha kwanza ni usahihi: kati ya vilivyoletwa, vinavyofaa ni vingapi? Cha pili ni ukamilifu: kati ya vyote vinavyofaa, vilivyoletwa ni vingapi? Tuseme mfumo una nyaraka 12 zinazohusu mikataba ya muda. Mtu anatafuta, analetewa nyaraka 20, na 9 kati yake ndizo zinazohusika. Usahihi ni asilimia 45, ukamilifu ni asilimia 75. Ukilegeza utafutaji ili ulete zaidi, ukamilifu hupanda na usahihi kwa kawaida hushuka.

Kwa mtumiaji wa kawaida, nafasi ya jibu ina uzito kuliko vyote hivyo. Watu huangalia matokeo ya juu na kukata tamaa mapema. Ndiyo maana ni vema kuweka kipimo chepesi: jibu sahihi likiwa la kwanza lipe alama 1, likiwa la pili 0.5, la nne 0.25, lisipopatikana 0. Chukua maneno 50 ambayo watumiaji wako wameyaandika kweli, amua jibu sahihi la kila moja, na utafute wastani. Namba hiyo moja itakuonyesha kila mabadiliko ya utafutaji yanakupeleka mbele au nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaojenga mifumo ya Kiswahili tunapaswa kulipima kwa makini. Injini nyingi za utafutaji zimerithi mbinu za kurudisha neno kwenye shina kwa kukata mkia. Kanuni mashuhuri ya Martin Porter ya mwaka 1980 iliundwa kwa Kiingereza, lugha inayobandika viambishi vingi mwishoni. Kiswahili hubeba mzigo mbele. Mkataba na mikataba, ombi na maombi, jino na meno, anaomba, nimeomba, waliomba: mkasi unaokata mkia haufiki kwenye tofauti hizo. Mtu anayeandika "mkataba" anaweza kuambiwa hakuna matokeo ilhali ukurasa wenye kichwa "Mikataba ya ajira" upo. Andaa jozi za umoja na wingi, na jozi za kitenzi katika nyakati mbalimbali, kwa maneno yote makuu ya mfumo wako. Zijaribu moja baada ya nyingine. Ni kazi ya asubuhi moja, na inafichua mengi.

Tahajia nayo ina hesabu yake. Tangu Vladimir Levenshtein aandike kuhusu jambo hili mwaka 1965, umbali kati ya maneno mawili hupimwa kwa idadi ya herufi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha. Kutoka "rikizo" hadi "likizo" ni hatua moja. Kutoka "mauzurio" hadi "mahudhurio" ni hatua tatu, ingawa kwa sikio la mtu mwingine ni neno lilelile. Lucene, injini iliyo ndani ya mifumo mingi ya utafutaji, haivumilii zaidi ya hatua mbili. Kwa hiyo makosa ya kuandika kwa kufuata matamshi, z badala ya dh, s badala ya th, h iliyodondoka, yakijumlika katika neno moja, yanahitaji orodha ya visawe iliyotengenezwa kwa mkono. Uvumilivu wa hatua mbili hautayatatua.

Kisha fungua kumbukumbu za utafutaji, yaani rekodi ambamo mfumo huhifadhi maneno yaliyotafutwa. Tazama maneno yanayoandikwa zaidi, yasiyoleta kitu, na yale ambayo mtu aliyaandika, akaona matokeo, kisha akaandika jingine bila kufungua chochote. Tahadhari moja: kutofungua chochote si kushindwa kila mara. Aliyetafuta namba ya chumba cha mkutano akaiona kwenye muhtasari wa matokeo amekwisha kupata jibu.

Safu ninayoitazama kwa hamu kuliko zote ni ile inayoonyesha mtu alikuwa ukurasa gani alipoamua kutafuta. Wengi wakiandika "likizo" wakiwa kwenye ukurasa wa Rasilimali, unajua neno Rasilimali limewaahidi kitu ambacho halikuwapa. Utafutaji hapo unakuwa shahidi wa menyu, na hutamsikia shahidi huyo kama menyu na utafutaji vinapimwa na watu wasioongea.

Mambo mengine ni ya kukaguliwa haraka lakini yasiachwe. Neno alilotafuta mtu libaki kwenye kisanduku ili alirekebishe. Akifungua tokeo moja na kurudi, vichujio alivyochagua viwe bado vipo. Kichujio kisimpeleke kwenye ukurasa mtupu bila kumwonya. Menyu na matokeo vifikike kwa kibodi pekee, na kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti asiyeona, kitangaze idadi ya matokeo yanapobadilika. WCAG 2.2, miongozo ya kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu iliyotoka Oktoba 2023, inataka pia vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24, pamoja na misamaha kadhaa, na kila ukurasa uwe na zaidi ya njia moja ya kuufikia, isipokuwa ule ambao ni hatua au tunda la mchakato fulani.

Kuridhika hupimwa kwa kuuliza. Hojaji ya SUS (System Usability Scale) aliyoitunga John Brooke mwaka 1986 ina kauli 10, na alama zake huishia kati ya 0 na 100. Alama hizo si asilimia, na wastani unaotumiwa kulinganishia ni 68. Inakuambia watu wanajisikiaje juu ya mfumo mzima, haikuambii ni neno gani la kubadilisha.

Baada ya kubadilisha, rudia kazi zilezile kwa watu wengine. Tuseme Mahudhurio imeitwa "Likizo na mahudhurio", fomu imeitwa "Omba likizo", na utafutaji umefundishwa kwamba likizo, ruhusa na mapumziko ni ndugu. Kazi ya kuhama nyumba sasa inapita. Lakini katika duru hiyohiyo watu wawili waliotumwa kurekebisha saa zao za kuingia kazini wameipita menyu hiyo bila kusimama, kwa sababu neno la kwanza waliloliona ni Likizo. Orodha ya kazi za duru inayofuata imeongezeka moja.